Bi Mwanne Aliyefuga Maji

Hapa Isaka, mgeni akiuliza nyumba ya Maulidi mwuza chumvi ni ipi, haonyeshwi duka. Ataambiwa, "Nenda pale kwa yule mama anayefuga maji." Maulidi mwenyewe hukasirika kidogo, kwa sababu duka lake lina mabati mapya na linatazamana na stesheni, kila anayeshuka garimoshi analiona. Lakini ndivyo ilivyo. Mkewe, Bi Mwanne binti Akida, ana mitungi minne chumbani, na mitungi hiyo inajulikana kuliko mabati.

Nakaa naye ukuta kwa ukuta mwaka wa tano sasa. Mume wangu, Pantaleo, ni mtu wa genge la reli, na tulipopewa chumba hapa nilikuwa bibi arusi, sijui hata kukoka moto wa kuni mbichi. Bi Mwanne ndiye aliyeniletea kaa la kwanza juu ya kigae. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, sauti yake ya chini hata ukiwa jikoni naye inabidi uache kutwanga ndipo umsikie. Baba yake alikuwa mtu wa pwani aliyehamia Tabora, mama yake Mnyamwezi. Walifika hapa yeye na Maulidi wakati reli inajengwa, Maulidi akiwauzia vibarua chumvi na kaniki kutoka kambi hadi kambi, na reli ilipokwenda mbele kuelekea Shinyanga na Mwanza, wao wakabaki.

Mitungi yenyewe iko katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Kila mmoja umekalishwa juu ya mchanga, na kila mmoja unachukua debe moja. Barazani kuna mtungi wa tano, mdogo, wa kila siku. Huo ni wa watu wote: mgeni, mpita njia, mchungaji wa ng'ombe, hata mlevi. Ile minne ya ndani haiguswi.

Namna anavyoijaza nimeitazama mara nyingi. Maji ya kisimani huyaacha kwenye debe mpaka tope litulie. Huyachuja kwa kitambaa cheupe alichokikunja mara nne. Kisha huyatia motoni, na hayaondoi yakianza kutoa moshi, kama tunavyofanya wengine tukiwa na haraka. Husubiri yacheze kweli kweli, yarukeruke, ndipo ayaepue na kuyafunika kwa ungo yapoe. Wakati huo mtungi umeshaoshwa na kufudikizwa juu ya kigae chenye makaa na ubani, moshi wote unaingia ndani. Akishamimina, huweka mfuniko, juu yake kitambaa, na juu ya kitambaa udongo wa kichuguu uliokandwa na majivu. Mwisho hubonyeza udongo huo kwa kidole gumba, mara tatu, kama mtu anayetia sahihi.

Ukutani ana mistari ya mkaa. Kila Ijumaa mtungi uliokaa siku nyingi kuliko yote hufunguliwa, maji yake yakaenda barazani kunywewa, na wenyewe ukaoshwa na kujazwa upya. Nilimuuliza siku moja mistari ni ya nini.

"Maji nayo huzeeka, mwanangu," akasema. "Usipoyahesabia siku, utakuja kuyafungua siku ya shida uyakute maiti."

Alijifunza kwa mpishi wa kambi. Anasema vibarua walikuwa wakianguka kwa kuhara kila wiki, lakini wapimaji wa reli, waliokunywa maji kutoka shimo lile lile, hawakuanguka. Yeye akawa anakwenda kumwuzia mpishi wao mayai, anakaa, anatazama. Mpishi alidhani anamtaka. Hata Maulidi alianza kununa. Kumbe mwenzao anatazama sufuria.

Huko kisimani, bondeni, wanawake walimcheka sana. Aliyewaongoza ni Mageni, mama wa Kisukuma mwenye wajukuu, mnene, hodari wa maneno, ambaye akicheka hata ndoo yake kichwani haitikisiki.

"Wengine tunafuga ng'ombe," alikuwa akisema, "mwenzetu anafuga maji. Hebu tuambie, Bi Mwanne, yamezaa mangapi mwaka huu?"

"Mawili, na moja limeharibu mimba," Bi Mwanne angejibu, hageuki, anateka maji yake.

"Na ukiozesha binti utadai mahari ya mitungi?"

"Wewe una mtoto wa kiume? Mlete tuone kama anaweza kubeba."

Wanacheka wote, yeye anajitwisha debe anaondoka. Lakini wakati mwingine maneno yalikuwa na miiba. Huku kwetu mtu akifika nyumbani, hata kama ni adui, kwanza anapewa maji. Kwa hiyo mtu mwenye mitungi minne iliyozibwa kwa udongo, asiyeifungua kwa ajili ya mgeni, alisemwa kuwa mchoyo, na wengine walisema zaidi ya uchoyo. Walisahau kwamba ule wa barazani haukupata kukauka.

Hata mumewe hakuonewa huruma. Namkumbuka Maulidi siku aliyorudi kutoka Shinyanga na gari la mchana, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu, akaketi barazani akavua kofia.

"Mama, nitilie ya ndani kidogo. Yale ya baridi."

"Mtungi huo hapo karibu yako."

"Huu una vuguvugu. Mimi ni mume mwenye nyumba, nimetoka safari."

"Shikamoo, mume mwenye nyumba. Pole na safari. Mtungi huo hapo karibu yako."

Maulidi akanitazama mimi niliyekuwa nachambua mchele upande wetu. "Mama Mbuke, umesikia? Mimi na ng'ombe wa mtaani tunakunywa chombo kimoja." Akachota, akanywa vikombe vitatu.

Sasa nieleze jambo ambalo sikupenda kulieleza, lakini bila hilo mtu hawezi kumjua Bi Mwanne.

Ilikuwa mwaka juzi, kiangazi kile kirefu kilichokausha hata majani ya minyaa. Kisima kilikuwa kimeshuka, tunangoja zamu tangu alfajiri mpaka jua linachoma, na mtu anapata ndoo moja ya maji mazito. Siku moja Bi Mwanne alikwenda msibani ng'ambo ya reli, mtungi wake wa barazani akiwa ameuosha na kuuacha umeanikwa ukauke. Akanikabidhi ufunguo. "Niangalizie nyumba, mwanangu. Nitarudi alasiri."

Sikumaliza hata kumlaza Mbuke, binti yangu, aliyekuwa na miezi saba, nikasikia kikohozi nje. Mzee Makoye, baba mkwe wangu, ametembea tangu kwao, siku nzima na nusu, kuja kumwona mjukuu. Fimbo mkononi, kuku kwapani, vumbi mpaka kwenye kope. Nikapiga magoti nikamwamkia. Akaitikia, akaketi, akasema lile neno ambalo lazima lisemwe.

"Niletee maji kwanza, mayu, mama yangu."

Mtungi wangu ulikuwa na tope la chini, kiasi cha kikombe, na ndani yake kuna viluwiluwi. Kisimani ni mwendo na foleni. Ningefanyaje? Mkwe aondoke kwangu aende kusema nyumba ya mwanawe haina maji? Ufunguo ulikuwa kwenye ncha ya kanga yangu.

Niliingia chumba cha nyuma nikachagua mtungi wa kona, uliojazwa Ijumaa iliyopita, kwa kuwa nilijua ndio utakaofunguliwa mwisho, baada ya wiki tatu nne, na hakuna atakayekumbuka udongo wake ulikuwaje. Nikaubandua. Nikachota kwa kata yangu ya kibuyu, ile niliyotoka kuchotea maji ya kuoshea nepi za Mbuke. Mara tatu. Kisha nikakanda udongo na majivu, nikaziba, nikabonyeza kidole changu mara tatu.

Mzee Makoye alikunywa mpaka tone la mwisho, akapangusa midomo, akanusa kikombe. "Maji haya yametoka wapi? Matamu. Yananukia kama arusi." Alipoondoka kesho yake alimsifu Pantaleo kwa kuoa mke anayejua kutunza maji. Pantaleo akafurahi siku mbili. Mimi kila aliposema nilijifanya napuliza moto.

Wiki ya pili baada ya hapo ndipo walipokuja ng'ombe. Kundi kubwa kutoka mashariki, watu wanahamisha mifugo yao kutafuta majani, nao ng'ombe waliposikia harufu ya maji hawakuzuilika. Waliuvunja ua wa miiba, wakaingia kisimani wenyewe, wengine wakaanguka chini wakakanyagwa na wenzao. Walipotolewa, kisima kilikuwa uji wa tope na samadi.

Tulifanya kosa ambalo nadhani kila mtu wa huku angelifanya. Tulingoja maji yatulie. Siku mbili tatu, tope likaenda chini, juu maji yakawa meupe, unaona uso wako. Mageni akateka wa kwanza, akayanyanyua kwenye kibuyu juani, akasema, "Haya yamepona." Wote tukateka. Kwetu maji machafu ni yale yenye rangi. Bi Mwanne peke yake aliyatazama, akayanusa, akarudi na debe tupu.

"Yana nini?" nikamwuliza.

"Sijui yana nini. Najua ni nani aliyeoga ndani yake."

Lakini Mbuke alikuwa na joto la meno, analilia kikombe, nami nilikuwa nimempa vijiko viwili vya maji yale asubuhi. Mazuri, meupe.

Baada ya siku nne hakukuwa na nyumba isiyo na mgonjwa. Kuhara, na wengine damu. Watu wazima walijikokota porini na kurudi, lakini watoto walianguka kama majani. Ng'ambo ya reli walizikwa wawili katika siku moja. Mbuke alianza Jumatatu. Jumanne jioni alikuwa hawezi kushika ziwa vizuri, ananyonya mara mbili analala. Utosi wake ulibonyea ukawa kama kikombe kidogo. Analia, machozi hayatoki.

Wanaume walikaa kikao wakakubaliana kisima kikaushwe chote, kichimbwe upya mpaka maji mapya yaingie. Siku nane, walisema, au tisa. Maji mengine yalikuwa lambo la mbali, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi, nalo lilikuwa la ng'ombe. Pantaleo akaja na shauri la watu wa genge: maji ya garimoshi. Akaniletea debe zima alilomwomba mtia makaa. "Haya yamepikwa na moto wa gari lenyewe," akasema, "moto gani utakaoushinda ule?"

Bi Mwanne alikuja akaingiza pua kwenye debe. "Baba Mbuke, ahsante sana. Gari linayapenda haya, halijaumwa tumbo tangu lianze safari. Lakini nusa mwenyewe. Mafuta. Nao sijui wanatia dawa gani humo ya kulisafisha tumbo lake la chuma." Hakuyatupa. Akasema nifulie nepi na nioshee mikono, kila nikimsafisha mtoto, ili maji mazuri yabaki ya kinywa.

Jumatano asubuhi akafungua mtungi wa kwanza.

Hakuuita mtaa. Alikuja kwangu na bakuli la maji ya uji, mtama mwembamba kabisa, unaona chini ya bakuli, na chumvi kidogo ya dukani. "Kijiko kimoja," akasema. "Hesabu mpaka ishirini. Kijiko kingine. Akitapika, ngoja, anza tena. Na ziwa usimnyime, hata wakikuambia maziwa yameharibika." Na kweli walikuwa wameniambia.

Habari za maji hazifichiki. Kufika adhuhuri barazani palikuwa na akina mama watano wenye watoto migongoni. Wa sita alikuwa Mageni, na mjukuu wake begani kama kitambaa kilicholoa. Alisimama uani hasogei. Mmoja wa wale waliokuwa wakichekeshwa naye kisimani akamtupia: "Mama, leo na wewe umekuja kwa ng'ombe wa Bi Mwanne?"

Mageni hakuwa na cheko. Lakini akajibu, "Nimekuja kukamua. Akininyima nitalala hapa hapa mlangoni."

"Pita, Mama," Bi Mwanne akasema. "Kikombe chako usikitie mtungini. Nitakumiminia mimi."

Ndivyo alivyofanya siku zote zile. Hakuna aliyechota mwenyewe. Yeye alinawa, alichota kwa kata moja yenye mpini mrefu, akamimina kwenye kikombe cha bati, na kila mtoto alipata vikombe vinne kutwa, na mama anayenyonyesha vikombe viwili. Watu wazima wenye nguvu hawakupata. Wanaume wawili wa stesheni walikuja kwa ukali kidogo, mmoja akasema yeye ni mtu wa serikali. Bi Mwanne akamwambia, "Unanyonya?" Barazani pakachekwa, na yule bwana akaondoka. Maulidi naye alijipeleka lambo kila alfajiri na punda wawili, akaleta madebe ya maji ya tope yachujwe na kupikwa kwa ajili ya watu wazima, na sikumsikia tena akitaja ya baridi.

Watoto saba, mama saba. Mtungi wa kwanza ukaisha Alhamisi. Wa pili Ijumaa. Ijumaa ile hakuchora mstari.

Mjukuu wa Mageni aliamka akaanza kuomba chakula. Wengine nao walipata nafuu. Mbuke wangu ndiye aliyekuwa akirudi nyuma. Asubuhi anafungua macho, mchana anayafumba. Alikuwa hajakojoa tangu juzi yake. Mtungi wa tatu ulipofika nusu, nilianza kukihesabu kila kikombe kinachotoka, si kwa ajili ya watoto wa wenzangu, Mungu anisamehe. Nilikuwa nikiufikiria ule wa nne.

Jumamosi alasiri wa tatu ukakauka. Kisima kilikuwa bado siku nne. Bi Mwanne akaingia chumba cha nyuma na kisu cha kubandulia udongo, mimi nyuma yake nimembeba Mbuke. Mchana kutwa alikuwa hajaketi, macho yamekuwa mekundu kwa moshi. Akapiga magoti mbele ya mtungi wa kona, akaweka ncha ya kisu.

Ningeweza kunyamaza. Humo ndani hakuna dirisha, udongo ulikuwa umekauka vizuri, na Mbuke alikuwa ananipumulia shingoni pumzi fupi fupi. Maji yalikuwa pale, kiasi cha mkono. Nikisema, hatakunywa sasa. Nisiposema, nitampa mwanangu, kwa kijiko, uchafu niliouingiza mtungini mwenyewe, nepi na vyote.

"Bi Mwanne, usiufungue huo."

Akageuka.

"Niliufungua mimi. Siku uliyokwenda msibani. Mkwe alikuja, sikuwa na maji. Niliziba tena kwa mkono wangu."

Aliondoa kisu akapitisha kidole juu ya udongo, taratibu, kwenye zile alama tatu, kidole chake kikubwa ndani ya alama zangu ndogo. Kisha akaketi pale pale mchangani. Nilitamani anipige.

"Ulichota kwa chombo gani?" akauliza.

"Kata ya kibuyu. Ya nyumbani."

"Uliiosha?"

"Sikuiosha."

"Ilitumika kwa kazi gani?"

Nikamwambia.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Akatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayepiga hesabu. Akashika ukingo wa mtungi akainuka. "Basi tuwashe moto," akasema. "Mlaze mtoto kwenye mkeka, umpe ziwa. Mimi nitafute kuni."

Kuni hazikuwepo. Zilikuwa zimeisha kwa kupika maji ya lambo. Nikasikia shoka dukani, na sauti ya Maulidi: "Kasha langu la sabuni! Mama, hilo ndilo meza yangu ya kuuzia!"

"Leo linakwenda jikoni, bwana. Nisaidie kupasua."

"Na mimi nitauzia wapi?"

"Mapajani. Piga hapo, kwenye msumari."

Akapasua, analalamika, na mbao za sabuni zikawaka kwa moto mzuri wa buluu. Tulimimina maji ya mtungi wa nne kwenye sufuria mbili, tukachuja kwanza. Yalikuwa bado yananukia ubani. Tulikaa pembeni ya moto, nimempakata Mbuke, namlowanisha midomo kwa ncha ya kitambaa kutoka kikombe kimoja cha mwisho cha mtungi wa tatu ambacho Bi Mwanne alikuwa amekiweka kando bila kuniambia.

Ndipo alipozungumza, macho yake kwenye sufuria.

"Mwezi wa tatu baada ya kuolewa, mama mkwe wangu alikuja kutoka Tabora. Adhuhuri, kama wako. Mtungi mtupu. Nilitoka mlango wa nyuma nikakimbia kwenye dimbwi la punda wa wachuuzi, nikachuja kwa leso, nikampelekea kwa magoti. Akasema ahsante." Akasukuma ubao mmoja ndani. "Alilala siku kumi na moja. Alipona, alhamdulillahi. Mwaka uliofuata akaja tena, ana kibuyu chake begani. Akaketi barazani kwangu, akafungua kibuyu, akanywa maji yake. Hakunitukana, mwanangu. Alikunywa tu, akaziba."

Nikamlowanisha Mbuke midomo tena.

"Kwa hiyo usifikiri hiyo mitungi ni akili," akasema. "Ni aibu. Nimeiweka kwenye udongo ili isitoke." Maji yakaanza kuruka. "Acha yacheze. Bado."

Mimi sikubaliani naye, na nilimwambia baadaye. Aibu huwafanya watu wengi wafunge mlango, waseme uongo, wamtupie mwingine lawama. Yeye aliichukua akaifanya kazi ya kila Ijumaa, kuchuja, kupika, kufukiza, kuchora mstari, miaka kumi na zaidi, huku akichekwa, hajui kama siku yenyewe itakuja. Na ilipokuja hakuuliza nani alimcheka. Hata mwizi wake hakumwuliza ila kata ilikuwa ya namna gani.

Maji yalipoa yamefunikwa kwa ungo. Tukampa Mbuke kijiko cha kwanza jua likiwa bado juu ya mabati ya stesheni. Nikahesabu ishirini. Cha pili. Akatapika. Tukangoja, tukaanza tena. Bi Mwanne alikuwa akinipokea kila mkono wangu ulipochoka, na katikati anatoka kumiminia watoto wengine, anarudi, ananawa, anashika kijiko. Jumapili asubuhi Mbuke alinyonya titi moja lote. Nikaogopa kufurahi.

Saa tano hivi nilikuwa barazani kwake, nimempakata, napunga nzi, nusu nimesinzia. Nikahisi joto mapajani. Mara ya kwanza nikadhani ni jua. Kisha likatiririka mpaka kwenye goti.

"Bi Mwanne!" nikapiga kelele. "Bi Mwanne, njoo! Amekojoa!"

Alitoka jikoni mbio, mikono masizi. Akaishika kanga yangu, akaikamua kidogo kwa vidole, akavinusa vile vile anavyonusa maji. "Mkojo mzuri," akasema. "Mweupe." Kisha akaketi chini akacheka, kicheko cha sauti, cha mdomo wazi, ambacho sikuwahi kukisikia kutoka kwake, na machozi yakachora njia kwenye masizi ya mashavu.

"Kuna nini huko?" Maulidi akauliza dukani. "Gari limepinduka?"

"Mjukuu wako amekojoa!" Bi Mwanne akamjibu.

"Haya!" akasema. Akatoka nje, akatazama kanga iliyolowa, akavua kofia. "Haya. Na mimi nilidhani ni jambo dogo."

Nikataka kunyanyuka nikajifunge kanga nyingine. Bi Mwanne akanizuia kwa mkono. "Usiifue kwanza. Mngoje Baba Mbuke aione."

Tukakaa hivyo, jua linaikausha pembeni, mpaka genge liliporudi kutoka njiani. Pantaleo alikuja na nyundo begani, akaniona nimeketi na kanga ina doa, akatutazama usoni mmoja mmoja, anaogopa kuuliza. Nikaishika ncha ya kanga nikamnyooshea. Akaweka nyundo chini, akaipokea kwa mikono miwili.